Riwaya ya Kigothi ya fumbo na imani

Riwaya ya Kigothi ya fumbo na imani ni tawi la fasihi ya Ulaya ambamo siri ya mauaji au ya ukoo hufumbuliwa ndani ya nyumba ya ibada au kandokando yake: monasteri, kanisa lililobomoka, makaburi yaliyo chini ya sakafu. Msomaji husubiri majibu mawili kwa wakati mmoja. Nani kaua? Na je, aliyetenda ni binadamu, au kuna kisichoonekana? Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi mauaji ni kosa la jinai tu. Hapa ni dhambi pia, na muuaji akishakamatwa bado ana hesabu nyingine mbele yake.

Mwanzo wake hutajwa kuwa The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka London mwishoni mwa 1764. Walpole aliitoa kama tafsiri ya kitabu cha kasisi wa Italia, mtu aliyembuni mwenyewe. Neno “Kigothi” liliingia katika toleo la pili, 1765. Wasomaji wake walikuwa Waprotestanti walioishi jirani na magofu ya monasteri zilizofungwa na Mfalme Henry VIII miaka ya 1530. Imani ya mababu zao ilikuwa imebaki kuta bila paa, na watu huogopa na kutamani kwa pamoja kile ambacho wazee wao walikiacha. Hofu hiyo ilikuwa na upande mbaya: watawa wa Kikatoliki walichorwa kama wazinzi na wauaji, kama katika The Monk ya Matthew Lewis ya 1796. Dhuluma hiyo haifai kufunikwa kwa kuwa tu kitabu kinasisimua.

Ann Radcliffe ndiye aliyeupa mtindo huu akili. Katika The Italian (1797), kijana Vivaldi wa Napoli anaonywa usiku, kwenye magofu, na mtu aliyevaa kanzu ya kitawa ambaye kila mara hutoweka. Mama wa kijana, akishirikiana na padri muungamishi wake, Schedoni, anapanga kumwua msichana anayependwa na mwanawe. Schedoni anamwinamia binti aliyelala, kisu mkononi, na kuona shingoni mwake picha ndogo inayomfanya aamini kuwa huyo ni mwanawe wa kumzaa. Kisu hakishuki. Radcliffe huwa hatimaye anaeleza kila kivuli kwa sababu za dunia hii, na mzuka wa magofuni naye hugeuka kuwa mtu wa nyama na damu. Lakini ufunguo wa fumbo lote ni neno lililosemwa kwenye kitubio miaka mingi nyuma, na hapo utaalamu wake ndipo unapong'aa: ushahidi upo, anao padri aliyeusikia, na siri ya kitubio imemfunga mdomo.

Mskoti James Hogg aliigeuza hofu ielekee kwa Waprotestanti wenyewe. Katika riwaya yake ya 1824, kijana anayeamini kuwa Mungu alikwisha kumteua kwa wokovu anashawishiwa na rafiki wa ajabu kuwa hakuna uovu utakaomnyima pepo. Je, rafiki huyo ni Ibilisi, au ni akili iliyovurugika? Hogg hajibu.

Kilele cha karne ya 20 ni Il nome della rosa, yaani Jina la Waridi, ya Mwitalia Umberto Eco (1980), iliyotengenezwa filamu mwaka 1986. Ni mwaka 1327. Papa Yohane XXII na Wafransisko wanagombana juu ya umaskini wa Kristo. Katika abasia ya milimani watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa siku saba, na kitabu kimegawanywa kwa siku hizo na kwa saa za sala. Mfransisko William wa Baskerville, aliyewahi kuwa mchunguzi wa uzushi akaiacha kazi hiyo, anadhani vifo vinafuata tarumbeta za Ufunuo. Amekosea. Mpango huo haukuwapo, ila kuufuata kunamfikisha kwa mtawa kipofu Jorge, aliyepaka sumu kurasa za kitabu cha Aristotle kuhusu kicheko. Anayelamba kidole ili afunue ukurasa hujiua. Jorge aliamini kicheko kitaua hofu ya Mungu. Kinachomwumiza William zaidi ya vifo ni swali ambalo kosa lake limezaa: kama utaratibu alioufuata ulikuwa wa kubuni, utaratibu wa ulimwengu una msingi gani?

Kwa Kiswahili, ndugu wa karibu wa riwaya hizi ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1960). Mwili wa aliyeuawa unakutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, anatafuta mkono wa mtu pale wengine wanapotetemekea mizimu. Yeye na William wote wana damu ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa Conan Doyle. Jina Baskerville lenyewe limetoka katika kitabu cha Conan Doyle cha 1902. Ila Msa huitazama imani ya mzimu akiwa amesimama nje yake, na William hufanya uchunguzi akiwa amevaa kanzu ya utawa.