Reli ya Matadi na shantie za leo: jina la marehemu liliandikwa wapi?

Mwezi wa saba 1898, wageni wakubwa kutoka Ulaya walipanda treni Matadi, wakaenda mpaka Léopoldville, muji ambao leo unaitwa Kinshasa. Reli ya karibu kilometa 400 ilikuwa imemalizika. Mbele ya hapo, mizigo yote ilipanda juu ya vichwa vya watu, mwendo wa karibu wiki tatu kwa miguu, sababu kati ya Matadi na Kinshasa muto Kongo ni maporomoko juu ya maporomoko, hakuna meli inayoweza kupita.

Kazi ilianza mwaka 1890. Kampuni ilikuwa ya Wabelgiji na mukubwa wake alikuwa Albert Thys, ofisa wa jeshi. Mwanzo ulikuwa mubaya sana. Kutoka Matadi njia inafuata muto Mpozo, kisha inapanda mulima wa Palabala. Mawe yalipasuliwa kwa dinamiti, na kilometa chache za kwanza zilikula miaka miwili. Watu walikufa kwa dinamiti, kwa mawe, kwa kuanguka, na zaidi kwa malaria, kuhara damu na beriberi, maana walilala vibaya na kula vibaya. Mutu akisema hao wa magonjwa hawakufa kwa ajali, ni kweli, lakini sheria za leo zinaweka ajali ya kazi na ugonjwa unaoletwa na kazi katika fungu moja.

Wenyeji wa Bas-Congo waliona mambo hayo, wengi wakakimbia. Kampuni ikatafuta watu mbali: Senegali, Sierra Leone, Gold Coast ambayo leo ni Ghana, hata Unguja, kwa hiyo Kiswahili nacho kilisikika pale. Mwaka 1892 waliletwa Wachina zaidi ya 500. Wengi wao walikufa ao walitorokea porini. Mwaka ule ule waliletwa pia watu wa Barbados, kisiwa cha ngambo ya bahari. Walipojua kwamba wamefikishwa Boma, wakakataa kushuka. Askari wakapiga risasi, watu wakafa, na waliobaki wakapelekwa Matadi kazini.

Hesabu ya serikali na kampuni ilisema hivi: Wazungu 132 walikufa, na weusi pamoja na Waasia 1800. Watafiti wengi wanafikiri hesabu hiyo ya pili ni ndogo kuliko ukweli. Lakini hata bila kubishana, angalia namba zenyewe. 132 ni namba ya mutu aliyehesabu moja kwa moja, kila mumoja na jina lake na familia yake kule Ulaya. 1800 ni namba iliyokatwa juu juu, kama vile mutu anavyohesabu mifuko ya muhogo sokoni. Na mutu asiyeandikwa, muke wake ataanzia wapi kudai?

Kule Ulaya wakati ule mambo yalikuwa yanabadilika. Ujerumani ilikuwa na sheria ya bima ya ajali za kazi tangu 1884. Ufaransa ilitoa yake mwezi wa ine 1898, miezi mitatu tu mbele ya sherehe ya reli ya Matadi. Ubelgiji wenyewe ulifanya hivyo tarehe 24/12/1903. Maana ya sheria hizo ni moja: familia haina tena lazima ya kuonyesha kwamba patro alikosa. Inatosha kuonyesha kwamba mutu alikuwa kazini na ajali imemupata pale. Kwa maskini hiyo ni tofauti kubwa, sababu nani kati ya wajane atalipa avoka kwa kuonyesha kwamba kamba ilikuwa imeoza na patro alijua?

Sheria ya 1903 haikuvuka bahari. Huku Kongo reli ziliendelea: Stanleyville mpaka Ponthierville, Kindu mpaka Kongolo, kisha Kabalo mpaka Albertville, ni kusema Kalemie ya leo, mwaka 1915. Sheria ya kulipa wafanyakazi Wazungu wa koloni ilitoka 1945. Ya wafanyakazi weusi ilitoka 1949. Inchi moja, shantie moja, kifo kimoja, vitabu viwili. Kati ya sheria ya Brussels na ile ya mufanyakazi Mukongomani kulipita miaka 46.

Kisha uhuru, tarehe 29/6/1961, serikali ilitia sahihi sheria iliyounganisha masanduku matatu ya zamani kuwa moja, INSS, bila kuangalia rangi ya ngozi. Sheria ya tarehe 15/7/2016 ilifuata, na leo sanduku hilo linaitwa CNSS. Kwa upande wa ajali, patro peke yake ndiye analipa, 1,5 kwa mia ya mushahara. Mufanyakazi hakatwi kitu kwa ajili hiyo. Ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi nayo inahesabiwa. Mufanyakazi akikufa, mujane na watoto wana haki ya feza ya kuendelea nayo, si ya matanga tu.

Basi karatasi ni nzuri. Taabu ni ile ile ya Palabala. Nyumba za ghorofa zinapanda katika miji yetu, na vijana wanaobeba simenti na kupanda juu ya mbao wanachukuliwa asubuhi kandokando ya barabara na kulipwa jioni. Kapita anajua majina yao ya utani. Mumoja akianguka, patro anatoa sanduku, mufuko wa muchele, pengine feza kidogo, na kaka wa marehemu anatia kidole kwenye karatasi inayosema kwamba mambo yameisha. Mujane hajaulizwa. Karatasi hiyo isitiwe sahihi kwa haraka, hata kama maiti inangoja.

Kitu ambacho wengi hawajui ni hiki. Kodi ya kazi ya tarehe 16/10/2002 inasema kwamba kibarua wa siku kwa siku aliyefanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mukataba usio na mwisho. Na kukosa mukataba wa kuandika hakumalizi neno: mufanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia yoyote ya sheria kwamba alikuwa kazini. Patro ambaye hakumuandikisha mutu CNSS anaweza pia kushitakiwa kufuatana na kifungu cha 258 cha sheria ya mwaka 1888, inayosema kwamba anayeharibu kwa kosa lake lazima atengeneze. Sheria hiyo ilikuwako wakati wa reli ya Matadi. Wajane wa Palabala hawakuwa na mutu wa kuwaambia.

Kwa familia zilizokimbia vita, shida ni mbili. Cheti cha ndoa kilibaki nyumbani ao kiliungua, na ndoa ya mahari ambayo haikuandikwa kwenye eta sivil inaweza kukataliwa ofisini, hata kama wazee wote wanaijua. Ushahidi wa kazi nao umetawanyika. Tribinali inaweza kutoa hukumu inayosimama pahali pa cheti kilichopotea, na kwa hiyo wanahitajika watu waliojua. Kwa kazi, wenzake wa shantie wanatosha kuwa mashahidi, wakitafutwa mapema, mbele ya kila mumoja kwenda kambi yake. Inspekta wa kazi aitwe mbele ya mbao kuondolewa. Na simu ya marehemu isiuzwe: kama alikuwa analipwa kwa simu, majumbe ya malipo yamo ndani, na tarehe zake, na jina la aliyetuma.