Majivu Birikani

Ukisoma orodha ya milipuko ya mlima Karthala utadhani huo ni mlima mpole. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20, na kwenye safu ya waliokufa mara nyingi utakuta sufuri au nafasi tupu. Namba inayokufanya usimame ni ya 1903: watu 17. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kule Martinique, Mont Pelée uliua watu karibu 28,000 wa mji wa Saint-Pierre asubuhi moja. Ukiwapanga pamoja, unaelewa kwa nini hakuna mtu anayetengeneza filamu kuhusu Karthala.

Mimi naona orodha hiyo inahesabu kitu kidogo sana. Inahesabu maiti na lava. Mlima huu umewasumbua watu wake kwa njia nyingine, hasa kwa hewa wanayovuta na maji wanayokunywa, na hayo hayaingii vizuri kwenye safu.

Karthala uko Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kati ya kaskazini mwa Msumbiji na ncha ya juu ya Madagaska. Si mbali nasi vile tunavyodhani. Habib Swaleh, aliyeanzisha Riyadha kule Lamu, ule msikiti ambao Maulidi yake hujaza mji kila mwaka, alizaliwa Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi maarufu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa hukohuko. Lugha yao, Shingazija, ni ndugu wa Kiswahili: Mngazija akiongea polepole unashika neno hapa, neno pale, halafu anakuponyoka. Nimekulia Mombasa na sikuwahi kukosa jirani Mngazija. Lakini jiografia niliyosomeshwa ilikuwa na Vesuvius, Krakatoa, na Longonot kwa kuwa ni yetu. Karthala haukuwemo, na sijawahi kuelewa kwa nini.

Kisiwa chenyewe ni milima miwili iliyoshikana, La Grille kaskazini na Karthala kusini. Karthala una urefu wa mita 2,361. Kileleni kuna bonde la mviringo lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake mashimo makubwa mawili ambamo milipuko mingi huanzia. Shimo kuu linaitwa Shungu Shahale, na Mswahili hahitaji mkalimani kusikia chungu ndani ya jina hilo.

Wazee wa huko husimulia kwamba jini alidondosha kito baharini, kikawaka moto wa duara, moto ukawa Karthala, na Karthala ukazaa kisiwa. Naipenda hadithi hii kwa sababu mpangilio wake hauna kosa. Wanajiolojia watakwambia jambo lilelile bila jini: volkeno ilitangulia, nchi kavu ikafuata. Hakuna Ngazija iliyokuwepo kwanza halafu ikapata bahati mbaya ya kuwa na volkeno.

Na hapo ndipo suala la maji linapoanzia. Mwamba wa Ngazija ni mchanga kwa umri na umejaa nyufa na matundu. Mvua inanyesha kwelikweli, hasa upande wa magharibi, lakini maji yanazama moja kwa moja. Kisiwa hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ukichimba kisima karibu na ufuo, mara nyingi unapata maji yenye chumvichumvi. Kwa hivyo watu wakajenga mabirika. Nairobi tungesema tangi, lakini mtu wa Pwani anajua birika ni kitu gani: kisanduku cha saruji kando ya nyumba, kinachokinga mvua inayotoka paani. Vijijini, birika ndiyo mto wao. Mengine yana mfuniko, mengine yako wazi kabisa kwa mbingu.

Shikilia picha hiyo ya birika lililo wazi, kwa sababu tutairudia.

Kumbukumbu zilizoandikwa kwa mfululizo zinaanzia katikati ya karne ya 19. Za kabla ya hapo zimo kwenye masimulizi na kwenye mawe meusi yaliyoshuka hadi baharini. Ufaransa ilitangaza himaya yake mwaka 1886, na baada ya hapo waandishi wakuu wakawa maofisa wa kikoloni, ambao waliandika wanachokiona wao wakiwa Moroni. Ndiyo sababu tukio la 1903 linanisumbua. Watu 17 walikufa kwa kukosa hewa, wameuawa na gesi ya volkeno. Gesi nyingine za namna hiyo, kama kaboni dayoksaidi, ni nzito kuliko hewa, hazina rangi wala harufu, na hujikusanya mabondeni. Huwezi kuzikimbia kwa kuwa huzioni. Katika maandishi niliyosoma, watu hao 17 ni namba tu. Majina hayapo.

Mwaka 1918 kilele kikapasuka kwa mlipuko mkubwa wa mvuke. Kisha 1948, 1952, 1965, 1972. Nayapita haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya lava ya miaka hiyo ilibaki juu mlimani, mbali na milango ya watu.

Mwaka 1977 haupitiki haraka. Komoro ilikuwa imejitangazia uhuru Julai 1975 (na tangu hapo imehesabiwa mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20, kwa hivyo mlima na wanasiasa wako sare). Ufaransa ilikuwa imeondoa misaada na wataalamu wake. Desemba 1976, huko Mahajanga, Madagaska, Wakomoro waliuawa kwa mamia katika ghasia, na maelfu ya walionusurika wakarudishwa nyumbani kwa ndege za shirika la Ubelgiji, Sabena. Hadi leo wanaitwa Wasabena. Rais alikuwa Ali Soilih, mwanamapinduzi wa mrengo wa kushoto aliyevunja utumishi wa umma, akachoma nyaraka za serikali ya kikoloni na kuwapa vijana wa shule madaraka ambayo wazee wao hawakuwahi kuyaota.

Katika hali hiyo, nchi haina pesa na imejaa wakimbizi wake yenyewe, mapema Aprili 1977 ardhi ikapasuka. Safari hii haikuwa kileleni. Ufa ulifunguka chini kabisa, upande wa kusini-magharibi, mita mia chache tu juu ya bahari, na lava ikapita katikati ya kijiji cha Singani. Nyumba zilizolala kwenye njia yake ziliisha. Watu waliwahi kutoka, kwa sababu lava ya aina ile hutembea, haikimbii, na ukiwa na miguu mizima na mtu wa kukubebea bibi, unaiacha nyuma. Kwenye orodha: vifo, sufuri. Mwaka uleule serikali ilichoma makaratasi na mlima ukachoma nyumba, na mwanahistoria anayetaka kujua nani aliishi wapi Singani kabla ya Aprili ana kazi ngumu pande zote mbili.

Singani ilijengwa upya. Watu wengine wanashangaa kwa nini mtu arudi kuishi juu ya lava, lakini waulize kwanza shamba liko wapi, makaburi yako wapi, na kiwanja kingine angepewa na nani.

Mwaka 1988 Moroni ikapata kituo cha kuangalia volkeno, ndani ya CNDRS, taasisi ya taifa ya nyaraka na utafiti. Julai 1991 mlima ukapasuka tena kwa mvuke, bila lava mpya, na baadaye ziwa la kijani likajikusanya chini ya Shungu Shahale. Ziwa zuri. Watalii walipanda kulipiga picha. Fikiria kisiwa kisicho na mto, kina ziwa, lakini liko juu kwenye mdomo wa volkeno ambako hakuna anayeweza kulitumia.

Maji hayo ya kileleni, yale ya ziwani na yale yaliyozama ndani ya mwamba, ndiyo yaliyobadilisha mambo. Lava ya Karthala peke yake ni nyepesi, inatoka kama uji. Lakini ikikutana na maji ikiwa njiani kupanda, maji hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke unahitaji nafasi kubwa mara nyingi zaidi, na kila kitu kinarushwa juu kikiwa kimesagika. Uji unakuwa vumbi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku wa Aprili 16, 2005. Majivu yalinyesha hasa upande wa mashariki, na watu wanaokadiriwa kufika 10,000 walikimbia vijiji vyao. Ziwa la kijani likatoweka, na mahali pake pakaonekana lava inayotokota.

Miezi saba baadaye, usiku wa Novemba 24, mlima ukarudia. Safari hii upepo ulipeleka majivu Moroni kwenyewe. Radi zilipigana ndani ya wingu. Asubuhi mji ulikuwa wa kijivu: mapaa, magari, migomba, nguo zilizosahaulika kwenye kamba.

Sasa rudi kwenye birika. Paa linalokinga mvua linakinga majivu vilevile. Majivu mabichi ya volkeno hubeba asidi na chumvi za kila aina, na hata yakitulia chini ya birika, mvua ya kwanza inaosha paa lote na kuongeza mengine. Hivyo katika siku chache watu zaidi ya laki moja walijikuta na maji nyumbani ambayo hawawezi kuyaamini. Mashirika ya misaada yakaanza kugawa maji. Malori, foleni, mitungi. Wewe unayeishi Kayole au Kisauni unaijua foleni hiyo, tofauti ni kwamba kwetu boza la maji huletwa na bomba kavu, na kwao lililetwa na mlima.

Hebu nieleze ajabu ya jambo hili jinsi ninavyoiona. Mwamba wa Karthala unameza mvua ya kisiwa chote. Watu wanajenga mabirika ili wayadake maji kabla mlima haujayameza. Kisha maji yaliyomezwa yanakutana na moto huko ndani, yanausaga mwamba kuwa majivu, na majivu yanarudi kuharibu kile kidogo kilichodakwa. Ukiuliza vifo vya Novemba 2005, orodha haitakusaidia sana. Itakupa ukubwa wa mlipuko na urefu wa wingu. Haitakwambia mama mmoja alitembea umbali gani na ndoo.

Mei 2006 kukawa na ziwa la lava kileleni, na mwanga wake mwekundu ulionekana usiku kutoka Moroni. Januari 2007 mlipuko mdogo, kisha kimya.

Lakini majivu ya 2005 hayakuwa yamemaliza kazi. Yalikuwa yamelala juu mlimani, yameziba yale matundu ambayo zamani yalimeza mvua. Mvua kubwa zikawa zinateremka na tope na mawe badala ya kuzama. Aprili 2012 zilinyesha siku kadhaa mfululizo, mafuriko yakavamia vijiji vya kusini, na Vouvouni, ambako mashine za kusukuma maji ya Moroni ziko, pakafunikwa. Mji mkuu ukakaa bila maji ya bomba huku mafuriko yamejaa kila mahali. Kwenye vitabu vya milipuko, 2012 haipo, na hata kwa kanuni za wanasayansi haifai kuwepo. Mimi ningeiandika pale, kwa penseli, chini ya 2005.

Tangu hapo habari kubwa ya visiwa hivyo imetoka baharini. Kuanzia Mei 2018 Mayotte ilitikisika kwa miezi, na Novemba 11 mwaka huo mtetemo wa ajabu, mrefu na wa taratibu, ulinaswa na mitambo hapa Kenya na hadi ng'ambo ya dunia. Mei 2019 meli ya utafiti ikakuta volkeno mpya kilomita 50 mashariki ya Mayotte, yenye kimo cha mita 800 na ushei, ambayo miaka michache nyuma haikuwepo kwenye ramani. Sasa inaitwa Fani Maoré. Wanasayansi walimiminika huko, na ni haki yao.

Karthala haujalipuka tangu Januari 2007. Kati ya 1977 na 1991 ilipita miaka 14, na kati ya 1991 na 2005 miaka 14 mingine. Kimya cha sasa kimeshapita vyote viwili. Moroni iko kilomita 13 hivi kutoka kileleni, karibu sawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na imekua sana tangu majivu yale ya Novemba. Mvua za Novemba zikikaribia, watu wa vijijini hupanda kufagia mapaa yao, wanasafisha mabirika, na wenye mifuniko wanaikagua.