Kutoka tarumbeta za Léopoldville hadi bafle zenye amplifaya ndani

Katika kambi ya wakimbizi wa ndani, tangazo la kugawa chakula, la chanjo au la mtoto aliyepotea husomwa mara moja au mbili, kisha basi. Bafle ikizimika katikati, familia za mahema ya mwisho hazijui zipange mstari wapi wala saa ngapi. Fundi wa sono siku hiyo ana kazi nzito kuliko ile ya harusi.

Chombo hicho kina zaidi ya miaka 100. Mnamo Desemba 24, 1915, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, pamoja na mwenzake Edwin Pridham, walitumia tarumbeta zao za umeme mbele ya jumba la jiji la San Francisco, Marekani, na umati mkubwa ukasikia hotuba na nyimbo uwanjani. Kabla ya hapo, sauti ya mtu ilifika pale mapafu yake yalipoifikisha.

Kongo nayo ilizipata tarumbeta hizo wakati wa Wabelgiji. Zilifungwa mahali pa wazi ili watu weusi wa Léopoldville wasikie habari ambazo serikali ilitaka wazisikie. Watu wakaziita lance-voix, yaani chombo cha kurusha sauti. Wakoloni walipoondoka, tarumbeta zilibaki, na hapo ndipo historia inanoga. Mingiedi Mawangu, mpiga likembe kutoka upande wa mpaka wa Angola, aliona kwamba kelele za Kinshasa zinaimeza ala yake. Akatengeneza mikro kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, akaiunga likembe na amplifaya, akairusha kwa zile lance-voix. Sauti ilitoka ikikwaruza. Kundi lake, Konono N°1, halikuuficha mkwaruzo huo, bali liliupigia ngoma, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliupeleka hadi Ulaya. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Kwa miaka mingi sono ya Kongo ilikuwa vipande vipande: mikseri hapa, amplifaya pale, bafle tupu mbele, na nyaya nene katikati. Ilikuwa mizigo ya kuvunja mgongo, lakini ilikuwa na faida moja: amplifaya ikiungua, fundi aliazima nyingine kwa jirani na sherehe ikaendelea. Miaka ya 1990 viwanda vilianza kuingiza amplifaya ndani ya bafle yenyewe. JBL ilitoa EON mwaka 1995, ya plastiki, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba. Kiwanda kilijua amplifaya ipi imefungwa na spika ipi, kwa hiyo kiliweza kuweka pia kizuizi kinachobana sauti kabla spika haijapasuka.

Wengi wanafikiri kizuizi hicho kinalinda kila kitu. Kinalinda dhidi ya sauti kubwa, lakini hakilindi dhidi ya kurenti mbovu. Na huku bafle nyingi zinauawa na kurenti. Jenereta ndogo ikikaribia kuishiwa mafuta, volti hushuka na kupanda. Kurenti ya mji ikirudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Fundi mzoefu huchomoa bafle mara kurenti inapokatika, husubiri itulie, ndipo huchomeka tena. Jenereta huiwasha kwanza bila mzigo, na hupitisha waya kwenye stabilizeta. Kuna mtego mwingine katika bafle za mtumba: baadhi zina swichi nyuma yenye alama 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye kurenti ya Kongo ya volti 220, chombo kinaweza kuungua kabla hakijatoa neno.

Goma ina shida yake ya peke yake. Mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 uliacha mwamba mweusi juu ya sehemu ya mji, na kupigilia chuma cha ardhi humo ni kazi ya nyundo na matusi. Hata kikiingia, mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri.

Mvua nayo hudanganya watu. Wakiona wingu, hufunika bafle kwa shiti la plastiki huku inaimba, na joto la amplifaya likakosa pa kutokea. Afadhali paa dogo la turubai juu, nyuma pakiachwa wazi, na bafle isimame kwenye tripodi yenye miguu iliyopanuliwa na kuwekewa mawe. Kimo chake kiwe juu ya vichwa, na mikro ikae nyuma yake, isije ikapiga mluzi. Mikseri ikiwaka taa nyekundu, ni sauti chafu tayari. Bafle itaipokea hivyohivyo, na spika ndogo ya sauti nyembamba ndiyo huungua kwanza.

Wakati wa kuwasha, mikseri hutangulia na bafle huwa ya mwisho. Wakati wa kuzima, bafle hutangulia. Anayegeuza utaratibu huo husikia kishindo kikali, na kila kishindo ni pigo kwa spika. Jenereta huzimwa mwisho kabisa, watu wakiwa tayari wanaelekea kwenye mstari.