Kutoka Pwani hadi Mlimani: Umbali Ule Ule, Saa Tofauti

Tarehe 27 Aprili 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani. Tarehe 11 Mei akauona mlima wenye theluji. Siku 14 zilikuwa zimepita, na mlima bado ulikuwa mbali. Vitabu vinamkumbuka zaidi Rebmann, ingawa aliyeijua njia alikuwa Bwana Kheri.

Wajerumani walipoitawala nchi walitaka kufupisha safari hiyo. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911: miaka 18 kwa takriban kilomita 350. Ilijengwa kwa faida ya mashamba ya walowezi, lakini reli haichagui mzigo. Baadaye kahawa ya wakulima wa Kichaga, waliojiunga katika ushirika wa KNCU mwaka 1933, nayo iliteremka kwa treni hadi pwani. Safari ya majuma ikawa ya kuhesabiwa kwa saa.

Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA, katikati ya Moshi na Arusha. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 3,600, inayotosha ndege kubwa kutoka Ulaya. Hesabu ya Tanzania ilikuwa wazi: mgeni anayekuja kupanda mlima au kutazama wanyama Serengeti ashukie hapa badala ya kupitia Nairobi.

Nairobi iko jirani kweli. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 235 hivi kutoka KIA, wakati Dar es Salaam ni kama 450. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la ndege la East African Airways likafa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa miaka hiyo jirani wa kilomita 235 akawa mbali kuliko mgeni wa ng'ambo. Ramani haikubadilika hata kidogo. Siasa ndiyo iliyorefusha njia.

Leo anayerefusha njia ni nauli. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi KIA huchukua saa moja na dakika chache. Basi hupita Chalinze, Korogwe na Same, karibu kilomita 560, na hula saa 8 hadi 10. Kutoka Amsterdam hadi KIA ni kama kilomita 6,900, na ndege ya moja kwa moja huchukua saa 8 na ushee.

Ziweke hesabu hizo pamoja. Kila Desemba Wachaga hurudi kihambani kula Krismasi na wazee wao, wengi wao kwa basi. Mtalii anayepaa Amsterdam wakati basi linaondoka Dar anaweza kukanyaga ardhi ya Kilimanjaro kabla ya mwenye kihamba kuteremka stendi ya Moshi. Reli ililenga mashamba ya walowezi, uwanja ukalenga watalii. Mtoto wa mlimani amekuwa akidandia njia zilizochorwa kwa ajili ya wengine, na kila mwaka bado anafika nyumbani.