Mulongo: meza ya mama mbele ya nyumba na sheria zake

Mulongo, kando ya mto Lualaba, teritware ya Malemba-Nkulu. Mama aliyekimbia vita akikosa shamba, hubaki na sufuria yake. Hukopa unga, hukaanga vitumbua au hupika bukari na samaki, kisha huweka meza mbele ya nyumba. Kazi hiyo ni ya zamani, lakini sheria zake zimebadilika mara nyingi.

Wakati wa Wabelgiji, lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo, ilikatazwa. Waliyoitengeneza walifanya kwa kujificha.

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa raia wa Zaire. Mengi yalifilisika na bidhaa zikakosekana. Watu wakasema kwa mzaha kwamba wanaishi kwa "Ibara ya 15", yaani kila mtu ajitafutie. Biashara ya nyumbani ikawa riziki ya familia nyingi.

Serikali nayo ikaifuata biashara hiyo. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, kisha ile ya tarehe 8 Agosti 1990, ziliweka biashara ndogo mikononi mwa raia wa nchi, na kudai kila muuzaji awe na patenti, karatasi inayolipiwa.

Kwa mwanamke aliyeolewa kulikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimkataza kununua mali, kuiuza au kujifunga kwa deni bila ruhusa ya mume. Mume akikataa, mke aliweza kuomba ruhusa kwenye mahakama ya amani. Kwa mama wa kijijini, mahakama hiyo ilikuwa mbali.

Kisha vita vya Mai-Mai vikachoma vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililoitwa "pembetatu ya kifo". Mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006 maelfu walikimbia. Kuna akina mama waliojikuta peke yao wakilisha nyumba nzima, huku sheria bado ikimhesabu mume tu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilileta neno jipya. Ibara ya 14 inataka ubaguzi dhidi ya wanawake uondolewe, na ibara ya 35 inasema serikali itie moyo biashara ndogo ya Wakongo. Hata hivyo, ruhusa ya mume ilibaki kwenye Sheria ya Familia kwa miaka kumi zaidi. Iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana wote wawili, ingawa mume bado anaitwa kichwa cha nyumba.

Katikati ya hapo, tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iliingia katika sheria za biashara za OHADA. Humo mfanyabiashara mdogo anaweza kutangaza kazi yake bila malipo.

Mama bado anadaiwa kodi, na anayo haki ya kuomba risiti. Lakini jambo moja halikubadilika tangu 1979: biashara ndogo ni ya raia. Aliyehama kijiji chake kwa sababu ya vita hakuhama uraia wake. Ibara ya 30 ya Katiba inampa ruhusa ya kukaa popote nchini. Kwa hiyo meza yake Mulongo si ya mgeni.