Muyaka wa Kusikilizwa: Kutoka Kinywani hadi Kitabuni, na Kurudi

Wahakiki hupenda kusema kwamba Muyaka bin Haji (1776–1840) aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Watahiniwa huikariri kauli hiyo, ila wachache hujiuliza huko sokoni palikuwa na nini. Hapakuwa na kitabu; palikuwa na sauti. Tungo zake za kuwatetea Wamazrui wa Mvita dhidi ya Seyyid Said zilighaniwa na kuhifadhiwa vifuani mwa watu.

Kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake ziliishi hivyo. Aliyeziokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alizikusanya kwa waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu. W. E. Taylor, mmishenari Mwingereza, alishirikiana naye na kuongeza maelezo. Mwaka 1940 W. Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka kule Johannesburg. Jina la Sikujua ndilo huachwa mara nyingi, ingawa ndiye wa kushukuriwa kwanza.

Hata hivyo, kitabu kiliokoa maneno, si mlio. Maandishi yetu hayatofautishi paa la nyumba na paa wa mwituni, ilhali Mvita hutamka la pili kwa mpumuo. Wala hayaonyeshi mahadhi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasomea Kidato cha Tatu ubeti wa Muyaka kama anayesoma taarifa ya habari. Mwanafunzi mmoja mwenye jamaa Kibokoni akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, nyanya hausomi hivyo." Akaughani. Darasa likanyamaza, nami nikatambua kazi ya vile vina nilivyokuwa nikivihesabu tu ubaoni.

Mwaka 2005 Hugh McGuire wa Kanada alianzisha LibriVox. Humo watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, wakajirekodi majumbani mwao, na rekodi zikatolewa bure. Walianza na The Secret Agent, riwaya ya Joseph Conrad. Msomaji si lazima awe mtangazaji; anahitaji maikrofoni, chumba kitulivu na mwenzake wa kusikiliza kama ameruka neno.

Kazi kama hiyo yawezekana Mji wa Kale. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muyaka amekwisha kuivuka zamani. Hadhari ni moja: maelezo ya M. H. Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979 kuhusu Muyaka bado yana mwenyewe. Asomwe mshairi, aachwe mhariri.

Wapo watakaodai kwamba Kimvita kitawatatiza watahiniwa, hivyo asome mtu wa Kiswahili sanifu. Sikubaliani nao. Mtahiniwa akikuta "mato" au "ndia" hukimbilia kuandika kuwa mshairi ametumia tabdila, akidhani herufi zimebadilishwa kwa ajili ya vina. Kumbe hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwa Muyaka, na hadi leo mtoto wa Kuze huitamka bila kutafuta kina chochote. Akiisikia kwa nyanya anayeghani, hatahitaji kuambiwa na mwalimu.