Kabla ya bando, tulichoma diski

Wasee, kunakili faili tu kwa CD hakukutosha. Deki ya nyumbani ilikuwa na masharti. VCD, iliyotoka 1993, ilitaka MPEG-1, picha ya 352 kwa 288, na ilibeba kama dakika 74. Ndio maana muvi moja ilikuja na diski mbili, na lazima mtu angeinuka katikati kubadilisha. DVD ikaleta MPEG-2 na nafasi ya GB 4.7, lakini bado kompyuta ilikaa masaa ikibadilisha faili kabla ya kuchoma.

Shida ni hii: harusi zetu pia ziliishia hapo. Jamaa wa video alichoma diski, akafuta faili apate nafasi ya kazi ingine. Na diski ya kuchoma huhifadhi video kwa safu ya rangi, ambayo jua na joto huiharibu polepole.

Juzi nimeweka ya harusi ya anti. Guka anasimama kutoa baraka, anafungua mdomo, picha inaganda. Guka hayuko tena, na hatuna sauti yake kwingine.

Kama zenu bado zinacheza, zihamisheni leo. Si kesho.